Mlinganyo wenye sehemu

Mlinganyo wenye sehemu ni mlinganyo ambao angalau kipande chake kimoja kimeandikwa kwa asili na kiasi, kwa mfano x/3 + 5 = x/2. Makala hii inahusu milinganyo ya kipeo cha kwanza, yaani ile ambayo herufi isiyojulikana haijazidishwa kwa yenyewe. Kuutatua mlinganyo ni kutafuta thamani ya herufi inayozifanya pande mbili za alama ya sawasawa zilingane. Katika mfano huu thamani hiyo ni 30, kwa kuwa theluthi ya 30 ukijumlisha 5 ni 15, na nusu ya 30 pia ni 15.

Ukokotoaji wenyewe si mrefu. Wengi huanguka kabla ya kukokotoa, pale wanapogeuza maneno kuwa mlinganyo, kwa sababu hawakujiuliza sehemu iliyotajwa ni sehemu ya kitu gani. Kwa mwanafunzi wa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Katika shule nyingi za msingi za serikali hisabati husomwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi akiingia kidato cha kwanza anaikuta kwa Kiingereza. Aliyeshika wazo atajifunza jina jipya tu. Aliyeshika jina bila wazo atalazimika kujifunza yote mawili kwa mara moja, katika lugha ambayo bado anaitafuta.

Asili, kiasi na majina ya sehemu

Katika 3/4, namba ya chini, 4, ni asili. Namba ya juu, 3, ni kiasi. Asili hueleza kitu kizima kimekatwa vipande vingapi vilivyo sawa, na kiasi hueleza vimechukuliwa vingapi. Maneno haya yalichaguliwa vizuri kuliko yanavyoheshimiwa darasani. Asili, katika matumizi ya kila siku, ni chimbuko: hapa inaonyesha kipande kimetokana na mgawo gani. Vipande vya asili tofauti havijumlishwi hivi hivi, kama vile pishi moja na kibaba kimoja haviwezi kuitwa pishi mbili wala vibaba viwili. Kwa kuwa pishi ni vibaba vinne, jumla ni vibaba vitano. Imebidi kimoja kigeuzwe kwanza ili vyote viwe vya aina moja. Kutafuta asili moja kwa theluthi na robo ni kazi ileile. Neno asilimia nalo linabeba wazo hilo ndani yake, asili na mia: ni sehemu ambayo asili yake ni 100.

Sehemu 3/4 husomwa kwa namna tatu: robo tatu, tatu ya nne, na tatu juu ya nne. Namna ya tatu hueleza mahali namba zilipoandikwa kwenye karatasi tu. Inafaa kwa anayeandikisha imla ya namba, lakini haimwambii mwanafunzi lolote kuhusu maana. Robo tatu ndiyo bora pale jina la sehemu linapojulikana, kwa sababu inahesabu vipande kama vitu vingine vyote vinavyohesabiwa: robo moja, robo mbili, robo tatu. Mwenye kusoma hivyo haoni ajabu kwamba robo mbili na robo tatu ni robo tano, yaani 5/4. Sehemu kama hiyo, ambayo kiasi chake kinazidi asili, huitwa sehemu guni, neno ambalo wapenzi wa ushairi walikwisha kulijua kwa shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Katika kutatua milinganyo, hata hivyo, sehemu guni haina kasoro yoyote. Ni rahisi kuitumia kuliko namba mchanganyiko, na 9/4 ibaki 9/4 mpaka jawabu litakapopatikana.

Tahadhari inahitajika kwa usemi “sehemu ya tano”. Unaweza kumaanisha 1/5, na unaweza pia kumaanisha sehemu inayofuata ile ya nne, kama katika hadithi inayotolewa kwa mfululizo. “Moja ya tano” huondoa utata. Mfasiri wa mtihani asiutumie usemi wa kwanza hata kama muktadha unaonekana kuusaidia.

Nusu, robo na theluthi, ambayo huandikwa pia thuluthi, zimeenea kote. Majina mengine yenye asili ya Kiarabu hufundishwa zaidi katika vitabu vya Kiswahili vya Kenya, chini ya jina akisami: humusi ni 1/5, sudusi 1/6, subui 1/7, thumuni 1/8, tusui 1/9 na ushuri 1/10. Shina la akisami ni lile la kugawa, linalosikika pia katika kukasimu madaraka. Mwanafunzi wa Tanzania aliyezoea “moja ya nane” anaweza kumaliza shule bila kukutana na thumuni isipokuwa katika habari za mirathi au za sarafu. Na katika sarafu neno hilo lina mtego: thumuni, au sumuni, lilikuwa jina la senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi wala si moja ya nane yake. Jina limebaki na thamani imehama. Ndivyo ilivyo kwa ushuru, ambao ni ndugu wa ushuri: kwa shina lake ni moja ya kumi, lakini hakuna anayetazamia leo kwamba ushuru wa mazao uwe lazima moja ya kumi ya mazao. Swali la hisabati likitaja ushuru bila kutaja kiwango, halijakamilika.

Kigawe na kigawo

Ili kuondoa asili zote katika mlinganyo hutafutwa kigawe kidogo cha shirika, kwa kifupi KDS, cha asili hizo. Kigawe cha namba ni namba inayogawanyika kwa namba hiyo bila baki: 12 ni kigawe cha 4 na pia cha 6. Kigawo ni kinyume chake, namba inayogawa nyingine bila baki: 2 ni kigawo cha 4 na cha 6. Hivyo KDS ya 4 na 6 ni 12, na kigawo kikubwa cha shirika, KKS, ni 2.

Herufi moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha maneno haya, na wanafunzi huyachanganya mwaka hadi mwaka. Sarufi inaweza kusaidia. Nomino nyingi zinazoishia na -e hutaja kinachotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mtume ni aliyetumwa. Kigawe basi ni kinachogawanywa. Nyingi zinazoishia na -o hutaja kitendea kazi: kifuniko hufunika, kizibo huziba, na kigawo hugawa. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati wangeweza kulifundisha jambo hili katika wiki moja, kila mmoja katika kipindi chake.

Kuutatua mlinganyo

Kanuni ni moja. Kila kipande cha pande zote mbili kizidishwe kwa KDS ya asili zote. Asili zikishaondoka, mlinganyo uliobaki ni wa namba nzima na hutatuliwa kwa njia ya kawaida. Tuchukue

(x + 2)/3 − (x − 1)/4 = 2

KDS ya 3 na 4 ni 12. Kila kipande kikizidishwa kwa 12 hupatikana

4(x + 2) − 3(x − 1) = 24
4x + 8 − 3x + 3 = 24
x + 11 = 24
x = 13

Kuhakiki: (13 + 2)/3 ni 5, (13 − 1)/4 ni 3, na 5 − 3 ni 2. Jawabu ni sahihi.

Makosa mawili huonekana hapa mara nyingi kuliko mengine. La kwanza ni kuiacha 2 ya upande wa kulia bila kuizidisha, kwa hoja kwamba “haina asili”. Aliyefanya hivyo atapata x = −9. Akihakiki ataona kwamba upande wa kushoto unatoa 1/6 badala ya 2, yaani pungufu mara 12 kamili, na pungufu hiyo yenyewe inamwonyesha ni kipande gani alichokisahau. Kwa kweli kila namba nzima ina asili: 2 ni 2/1, ingawa desturi ni kutoiandika hiyo 1. Kosa la pili ni la alama. Kutoa 3(x − 1) ni kutoa 3x na kurudisha 3, si kutoa vyote viwili. Anayeandika 4x + 8 − 3x − 3 = 24 hupata x = 19, na uhakiki humkatalia: 21/3 ni 7, 18/4 ni 4.5, na tofauti yake ni 2.5.

Chanzo cha kosa la pili ni mstari wa sehemu. Mstari ule hufanya kazi ya mabano: kila kilicho juu yake ni kitu kimoja, na kila kilicho chini yake ni kitu kimoja. Kanuni ya MAGAZIJUTO, inayowafundisha watoto kuanza na mabano, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, haiutaji mstari huo, na kwa hiyo mwanafunzi mwema anayeifuata neno kwa neno hukosa pa kuuweka. Dawa ni kuandika mabano kwa mkono kabla ya kuuondoa mstari. (MAGAZIJUTO ina kasoro nyingine isiyohusu sehemu. Ikifuatwa kama ilivyo, 10 − 4 + 3 ingetoa 3, kwa kuwa kujumlisha kumetangulia kutoa. Jawabu ni 9: kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa kuzidisha na kugawanya.)

Neno “kuhamisha” nalo linastahili kuangaliwa. Husemwa kwamba namba ikihamia upande wa pili hubadili alama. Kwa kujumlisha na kutoa usemi huo unafikisha, lakini haumwelezi mwanafunzi kilichotokea: hakuna kilichohama, bali kitu kilekile kimetolewa, au kimeongezwa, pande zote mbili. Sehemu zikiingia usemi huanza kudanganya. Katika x/4 + 3 = 8, mwanafunzi aliyezoea kuhamisha huichukua 4 na kuipeleka kulia peke yake, akaandika x + 3 = 32, na kupata 29. Ilipasa 3 nayo izidishwe kwa 4, na jawabu ni 20. Aliyefundishwa kwamba kila tendo hufanywa kwa upande mzima, na kwa pande zote mbili, hawezi kufika kwenye 29 kwa urahisi hivyo.

Kutoka maneno hadi mlinganyo: mifano ya Nanganga

Nanganga ni njiapanda ya kusini mwa Tanzania, kwenye barabara kuu ya Lindi na Masasi, ambapo hutoka njia za kwenda Ruangwa na Nachingwea. Ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hilo msimu wa 2007/2008: mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi cha ushirika, zikapimwa, akapewa stakabadhi, zikauzwa mnadani, naye akalipwa baada ya makato. Katika wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale vyama vya msingi vina chama kikuu kinachoitwa RUNALI, jina lililoundwa kwa silabi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Mahali ambapo mapato ya mwaka mzima hupita katika mizani na karatasi ya makato, mlinganyo wenye sehemu hauhitaji kutafutiwa mfano. Namba zinazofuata ni za zoezi tu.

Mkulima wa Nanganga alipeleka ghalani theluthi ya korosho zake wiki ya kwanza. Wiki ya pili alipeleka robo ya zilizobaki. Nyumbani zimesalia kilo 600. Alivuna kilo ngapi?

Kilo zote ziwe x. Wiki ya kwanza ziliondoka x/3, zikabaki 2x/3. Robo ya hizo zilizobaki ni 2x/12, yaani x/6. Kwa hiyo

x − x/3 − x/6 = 600

KDS ni 6: 6x − 2x − x = 3,600; 3x = 3,600; x = 1,200.

Sasa neno moja libadilishwe: wiki ya pili alipeleka robo ya korosho zake. Mlinganyo unakuwa x − x/3 − x/4 = 600, KDS ni 12, hivyo 12x − 4x − 3x = 7,200, na x = 1,440. Tofauti ya kilo 240 imetokana na “zilizobaki” peke yake. Hakuna ustadi wa kukokotoa utakaomwokoa aliyeliruka neno hilo, na hakuna mhakiki atakayeligundua kosa kwa kurudisha 1,440 ndani ya mlinganyo wake, kwa sababu mlinganyo wake unalingana vizuri kabisa. Uhakiki ufanywe kwa kurudi kwenye maneno ya swali, si kwenye mlinganyo ulioandikwa na mkosaji mwenyewe.

Kiambishi cha ngeli husaidia hapa. “Robo yake” katika sentensi kama “alipeleka theluthi ya mzigo, kisha robo yake” ina utata, kwani yake inaweza kurejea mzigo au theluthi. Mtunzi wa swali akiandika “robo ya mzigo wote” au “robo ya mzigo uliobaki” utata umekwisha. Kurudia nomino katika swali la hisabati si udhaifu wa mtindo.

Makato yana somo lake. Mkulima alikatwa moja ya ishirini ya thamani ya korosho zake, kisha akakatwa shilingi 30,000 za usafiri, akapokea shilingi 920,000. Thamani ya korosho ilikuwa ngapi?

x − x/20 − 30,000 = 920,000

Kila kipande kikizidishwa kwa 20: 20x − x − 600,000 = 18,400,000; 19x = 19,000,000; x = 1,000,000. Aliyesahau kuizidisha 30,000 ataandika 19x = 18,430,000 na kupata 970,000. Jawabu hilo ni la hatari kwa kuwa linagawanyika bila baki na linaonekana la kweli. Mtoto aliyetumwa na mzazi wake kuikagua karatasi ya makato atamwambia kwamba korosho zilikuwa na thamani ya 970,000, na mzazi hatajua kwamba shilingi 30,000 zimepotea katika daftari la mwanawe. Kuhakiki kunachukua mstari mmoja: moja ya ishirini ya 970,000 ni 48,500, ukiitoa hiyo na 30,000 zinabaki 891,500, si 920,000.

Viunganishi vidogo vina nguvu ileile. Bei ikipungua kwa robo, iliyobaki ni x − x/4, yaani robo tatu ya bei ya zamani. Ikipungua hadi robo, iliyobaki ni x/4. Kama bei ya sasa ya kilo ni shilingi 1,800, bei ya zamani ilikuwa 2,400 kwa maana ya kwanza na 7,200 kwa maana ya pili. “Bei ilipungua robo”, bila kwa wala hadi, huchukuliwa na wengi kwa maana ya kwanza, ila mtunzi wa mtihani asimwachie mtahiniwa kubahatisha.

Muda una mtego ambao ni wa Kiswahili hasa. “Saa mbili na robo” ni wakati kwenye saa ya ukutani, na ni pia muda wa saa 2¼. Kitenzi ndicho kinachoamua: aliyefika saa mbili na robo ametajiwa wakati, aliyetumia saa mbili na robo ametajiwa muda. Lori lilitoka Nanganga kwenda Ruangwa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, likarudi na mzigo kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, likatumia saa mbili na robo barabarani kwenda na kurudi. Umbali ni kilomita ngapi?

Umbali uwe x. Muda wa kwenda ni x/60, wa kurudi x/40, na jumla ni 9/4:

x/60 + x/40 = 9/4

KDS ya 60, 40 na 4 ni 120. Hivyo 2x + 3x = 270, na x = 54. Barabara yenyewe ina urefu wa takriban kilomita 53, kwa hiyo jawabu si la kubuni tu. Wapo wanaochukua wastani wa 60 na 40, wakapata mwendo wa 50, wakauzidisha kwa 2¼ na kugawanya kwa mbili, hupata 56.25. Kosa lao ni kudhani kwamba lori lilitumia muda sawa kwenda na kurudi, ilhali lililokuwa sawa ni umbali.

Mirathi na chimbuko la aljebra

Majina ya sehemu ambayo hisabati ya shule imeyaacha nyuma yangali hai katika mirathi ya Kiislamu, ambayo hugawanywa kwa nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mtu akifariki na kuacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, mke hupata thumuni, mama sudusi, na mtoto huchukua kinachobaki. Ikiwa mtoto alipata ekari nane na nusu za mikorosho, shamba lote lilikuwa ekari ngapi?

x − x/8 − x/6 = 17/2

KDS ya 8, 6 na 2 ni 24: 24x − 3x − 4x = 204; 17x = 204; x = 12. Mke alipata ekari moja na nusu, mama ekari mbili. Na hapa tena swali ni “ya nini”: hisa hizo hukatwa katika mali iliyobaki baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, na wasia wenyewe usizidi theluthi. Anayepiga thumuni ya mali yote kabla ya deni kulipwa amefanya kosa lile la korosho zilizobaki, safari hii mbele ya warithi.

Mifano ya aina hii ni ya zamani kama aljebra yenyewe. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad takriban mwaka 820, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Al-jabr ni kurudisha kilichopunguzwa: kipande kilichotolewa upande mmoja huongezwa pande zote mbili, na mlinganyo hubaki bila alama ya kutoa. Huko ndiko hasa kunakoelezwa vibaya na neno “kuhamisha”. Al-Khwarizmi hakuwa na x wala alama ya sawasawa, ambayo ilibuniwa na Robert Recorde mwaka 1557. Aliandika kila hatua kwa maneno, na kisichojulikana alikiita kitu.

Herufi ikiwa katika asili

Katika 6/x + 1/2 = 2 herufi ipo chini ya mstari. KDS ni 2x, na mlinganyo hugeuka kuwa 12 + x = 4x, hivyo x = 4. Tofauti na mifano iliyotangulia ni kwamba kabla ya kuanza lazima isemwe x si 0, maana hakuna kugawanya kwa sifuri. Sharti hilo huonekana kama adabu tu mpaka litokee swali kama hili:

x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2

Ukizidisha kila kipande kwa x − 3 unapata x = 3 + 2x − 6, na x = 3. Hesabu haina kosa, ila 3 ndiyo namba iliyokatazwa tangu mwanzo, kwani inaifanya asili kuwa sifuri. Mlinganyo huu hauna jawabu, na jibu sahihi la kuandika ni hilo: hauna jawabu.

Uandishi

Mstari wa sehemu ukilazwa, kama inavyofanyika katika simu na katika makala hii, mabano huwa ya lazima. x + 2/3 ni x ikijumlishwa na theluthi mbili. (X + 2)/3 ni theluthi ya jumla ya x na 2. Usemi 1/2x ni bora uepukwe kabisa, kwa kuwa wapo wanaousoma nusu ya x na wapo wanaousoma moja gawanya kwa 2x. Iandikwe x/2 au 1/(2x). Katika usemi wa mdomo mabano hayasikiki. “Nusu ya ekari mbili na robo” inaweza kuwa 1/2 × 9/4, ambayo ni ekari 9/8, au ekari moja kwanza na robo baadaye, ambayo ni ekari 5/4. Msemaji hutenganisha kwa kituo. Mwandishi aseme “nusu ya shamba la ekari mbili na robo”, au “nusu ya ekari mbili, pamoja na robo ekari”, kadiri ya alichokusudia.